Seli isiyoshukiwa: Daktari Stephen Hauser na msako wa ugonjwa wa MS

Wakaguzi waliolisoma ombi la fedha la Daktari Stephen Hauser hawakusita kulikataa. Alikuwa akiziomba Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimgharamie jaribio la dawa kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, maradhi ambayo wengi huyaita MS. Jibu alilopewa ni kwamba jambo analolitaka haliingii akilini kibiolojia. Waliomjibu hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa fani, na karibu kila kitabu cha siku zile kiliwaunga mkono.

Leo dawa zilizozaliwa na wazo lile ni miongoni mwa tiba zinazotegemewa zaidi dhidi ya MS duniani. Aprili 2025 Hauser alitunukiwa Tuzo ya Breakthrough, moja ya tuzo nono kabisa za sayansi, yenye thamani ya dola milioni 3, akigawana na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alberto Ascherio. Mmoja aliionyesha dunia seli inayouendesha ugonjwa huu. Mwingine alionyesha kirusi kinachouwasha. Na kirusi hicho, kama tutakavyoona, kiligunduliwa kwa nyama iliyokatwa kwa mtoto wa Uganda.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu huku kwetu wapo wanaoishi nao miaka kadhaa kabla ya kusikia jina lake.

Ubongo huwasiliana na mwili kwa njia ya nyuzi za fahamu, na nyingi kati ya nyuzi hizo zimevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini. Fikiria waya wa umeme uliochunika plastiki yake: taa inafifia, inapepesa, na siku nyingine inazimika kabisa. Ndivyo MS inavyofanya. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utando huo na kuubandua. Mtu anaamka jicho moja limeingia ukungu na linamuuma kila akiligeuza. Mwingine anakufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwingine anashindwa kukishika kikombe cha chai ambacho jana alikishika bila kufikiri. Baada ya wiki kadhaa hali hutulia, pengine hurudi kuwa nzima, na mgonjwa humshukuru Mungu akijua yamekwisha. Miezi inapita, shambulio jingine linakuja, safari hii mahali pengine mwilini. Kila shambulio linaweza kuacha kovu gumu ndani ya ubongo au uti wa mgongo. Makovu hayo ndiyo aliyoyaeleza Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris mwaka 1868, na tangu hapo ugonjwa ukapata nafasi yake katika vitabu vya tiba.

Wagonjwa wa MS duniani wanakadiriwa kufikia milioni 2.9. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Huo ndio umri wa kuanza kazi, kuoa na kuolewa, kulea watoto na kuwatunza wazazi. Maradhi haya hayaui haraka. Humkuta mtu akiwa amebebeshwa familia nzima, kisha yakampunguzia nguvu kidogo kidogo, na mara nyingi watu wanaomzunguka humwona mvivu au mwenye kuigiza, maana uso hauonyeshi kitu.

Hauser alisoma katika chuo cha MIT, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1975, akajifunza magonjwa ya ndani New York, kisha akaenda Boston, hospitali ya Massachusetts General, kubobea katika ubongo na mishipa ya fahamu. Akiwa katika mafunzo hayo alikutana na mwanamke kijana, mwanasheria hodari, ambaye MS ilikuwa imemshambulia vibaya. Ndani ya muda mfupi maradhi yalimnyang'anya kusema na kumeza, na kumwacha amepooza. Hauser amemsimulia mara nyingi, na ameandika habari zake katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2023. Anasema hapo ndipo alipoamua kwamba huo ndio ugonjwa atakaoupa maisha yake.

Ilikuwa ahadi nzito, kwani siku hizo hapakuwa na dawa hata moja iliyothibitishwa kuubadili mwendo wa MS. Daktari aliutambua ugonjwa, akampa mgonjwa jina lake, basi. Dawa ya kwanza, aina ya interferoni, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, na wahitaji walikuwa wengi kuliko chupa zilizokuwepo hata ikabidi itolewe kwa bahati nasibu. Watu wazima, wenye maradhi ya ubongo, wakisubiri namba yao itoke ili wapate sindano.

Kazi ya kwanza ya Hauser iliyojulikana ilitoka miaka kumi kabla ya hapo. Mwaka 1983 yeye na wenzake wa Boston walichapisha katika jarida la tiba la New England utafiti wa wagonjwa 58 ambao hali zao zilikuwa zikizidi kuwa mbaya. Baadhi walipewa saiklofosfamidi, dawa kali ya saratani inayoikandamiza kinga yote ya mwili. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 16 kati ya 20 waliopewa dawa hiyo kwa wingi walikuwa wametulia au wamepata nafuu, ilhali katika kundi la waliotibiwa kwa homoni peke yake ni 4 tu kati ya 20. Matumaini yakapanda. Lakini dawa ilikuwa na madhara mazito, na utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 1991 haukuona faida yake. Hata hivyo swali lilikuwa limeshamganda kichwani: ikiwa kuikandamiza kinga yote kunaweza kumsaidia mgonjwa, basi ndani ya kinga hiyo yumo mkosaji. Ni nani? Akimpata, huenda asilazimike kuwaangamiza na wasio na hatia.

Tumbili mapacha

Mkosaji, kwa mujibu wa elimu ya wakati ule, alikuwa anajulikana. Wanasayansi walikuwa na namna ya kuwasababishia panya wa maabara ugonjwa unaofanana na MS. Ukichukua seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, kutoka kwa panya mgonjwa na kumtia panya mzima, naye huugua. Hoja ilionekana imekwisha. Seli B, ndugu zake ambazo kazi yake maarufu ni kutengeneza kingamwili, ziliwekwa kando.

Na bado dalili zilikuwepo. Tangu miaka ya 1940 ilijulikana kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS yana kingamwili nyingi kupita kawaida. Madaktari walikuwa wakiyapima maji hayo ili kuutambua ugonjwa, lakini wachache walijiuliza kingamwili hizo zinafanya nini pale. Naona hapa kuna funzo kubwa kuhusu utafiti: kipimo kinaweza kutumika kila siku kwa miaka arobaini na bado kikabaki hakijasikilizwa.

Kilichomsumbua Hauser ni kwamba ugonjwa wa panya haukuwa MS. Ubongo wa panya ulivimba, lakini mayelini haikubanduka kwa namna aliyoiona kwa wagonjwa wake. Akatafuta mnyama mwingine, na akampata marmoseti, tumbili mdogo wa Brazili anayeweza kukaa kwenye kiganja cha mkono. Tumbili hawa huzaa mapacha, na mapacha hao hushirikiana damu wakiwa tumboni mwa mama yao. Kwa hiyo mwili wa mmoja huzipokea seli za kinga za mwenzake bila kuzikataa. Kwa mtafiti wa kinga hiyo ni neema: anaweza kuchukua aina moja ya seli kutoka kwa pacha mmoja, akamtia mwingine, akaona seli hiyo peke yake inafanya nini.

Pamoja na Claude Genain na wenzake wengine, aliziweka seli T kwenye mizani. Peke yake zilileta uvimbe, lakini mayelini ikabaki mahali pake. Ilipoongezwa kingamwili dhidi ya mayelini, utando ukabanduka, na chini ya hadubini vidonda vikafanana na vya binadamu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995. Mwaka 1999, wakishirikiana na Cedric Raine wa New York, walionyesha kingamwili za namna hiyo katika ubongo wa binadamu waliokuwa na MS, zikiwa zimeng'ang'ania mabaki ya mayelini iliyobomoka. Wakati huo Hauser alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco, ambako tangu mwaka 1992 aliongoza idara ya mishipa ya fahamu.

Bahati ilikuja kutoka upande wa saratani. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha rituksimabu kwa matibabu ya limfoma, saratani ya seli B. Dawa hii huzitambua seli B kwa alama iliyopo juu ya ngozi yake, alama iitwayo CD20, na kuziondoa kwenye damu. Mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kuziondoa seli B bila kuigusa kinga nyingine alikuwa ameletewa silaha mlangoni. Hapo ndipo alipoliandika lile ombi la fedha, na hapo ndipo alipoambiwa haliingii akilini.

Hakuketi kulalamika. Alikwenda kwa kampuni ya Genentech iliyokuwa na dawa hiyo, na baada ya mashauriano marefu wakakubali kufanya jaribio dogo. Wagonjwa walikuwa 104: 69 walitundikiwa dripu ya rituksimabu mara mbili, kwa kupishana wiki mbili, na 35 walitundikiwa dripu isiyo na dawa. Kisha ubongo wao ukapigwa picha za MRI mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 2006 matokeo yalipofunguliwa, vidonda vipya vyenye uvimbe katika ubongo wa waliopewa dawa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 91. Katika wiki 24, waliopata shambulio jipya walikuwa asilimia 14.5 kwenye kundi la dawa na asilimia 34.3 kwenye kundi la pili. Ripoti ilichapishwa Februari 2008. Jaribio la watu 104 lilikuwa limeipindua imani ya miongo mingi.

Sawa kwa seli, si kwa sababu

Sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi mtu huyu. Hesabu zilipokaguliwa vizuri, kulikuwa na jambo lisilokaa sawa. Hauser alitarajia kwamba seli B zikiondolewa, kingamwili zitapungua polepole, na ugonjwa utatulia polepole pia. Lakini faida ilionekana mapema mno, ndani ya wiki chache, wakati kingamwili za wagonjwa zilikuwa karibu zilezile. Seli zinazotengeneza kingamwili kwa wingi hazina ile alama ya CD20, kwa hiyo dawa haizigusi. Maana yake, dawa ilifaulu kwa sababu nyingine kabisa, si ile aliyoitabiri.

Mwingine angelipitia jambo hilo juu juu, apokee pongezi aende zake. Hauser amelieleza waziwazi, hata katika mhadhara wake wa Tuzo ya Charcot, ambayo alitunukiwa mwaka 2013. Tafsiri inayokubalika leo ni kwamba seli B, mbali na kutengeneza kingamwili, huziamsha seli T. Huzionyesha vipande vya protini vya kushambuliwa na kumwaga kemikali zinazochochea uvimbe. Kwa hiyo waliozituhumu seli T hawakukosea kabisa. Walichokosa ni kumwona anayezichochea.

Jaribio kubwa lililofuata, la wagonjwa 439 wa ile aina ya MS inayodidimiza taratibu tangu mwanzo bila mashambulio, halikufikia lengo lake. Ripoti ilitoka mwaka 2009. Hata hivyo ndani ya takwimu hizo kulionekana kwamba wagonjwa wenye umri mdogo na wenye uvimbe hai walinufaika. Hilo likatosha kuwapa moyo watafiti waendelee na dawa ya pili ya ukoo uleule, okrelizumabu. Rituksimabu ina sehemu zilizotokana na panya, ilhali okrelizumabu imeundwa ikaribiane zaidi na kingamwili za binadamu. Katika majaribio mawili pacha yenye wagonjwa 1,656, ilipunguza mashambulio ya kila mwaka kwa asilimia 46 na 47 ikilinganishwa na interferoni. Katika jaribio la tatu, la wagonjwa 732 wa aina ile sugu, ilipunguza kwa asilimia 24 hatari ya ulemavu kuongezeka. Asilimia 24 inaweza kuonekana ndogo. Kwa wagonjwa ambao hapo kabla hawakuwa na dawa yoyote, ilikuwa ya kwanza. Machi 2017 okrelizumabu iliidhinishwa Marekani, na mgonjwa huwekewa dripu mara moja kila miezi sita. Mwaka 2020 ikafuata ofatumumabu, ambayo mgonjwa anaweza kujidunga mwenyewe nyumbani. Majaribio yake pia Hauser alikuwa mstari wa mbele.

Kirusi kutoka Kampala

Seli B ilipothibitika, swali likarudi nyuma hatua moja: nani huiharibu seli B? Hapa ndipo anapoingia Ascherio.

Lakini kabla yake kuna Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa ajabu uliokuwa ukiota kwenye mataya ya watoto. Mwaka 1961 alialikwa London kutoa mhadhara, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein, aliyeondoka pale akiwa na hakika kwamba nyuma ya uvimbe ule kuna kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuna kilichopatikana. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli moja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester. Ilipofika maabara, maji yaliyoizunguka nyama yalikuwa yamechafuka, na watafiti wangeweza kuitupa wakidhani imeoza. Walipotazama wakakuta seli hai zinaelea, wakazikuza, na mwanzoni mwa 1964 kirusi kikaonekana kwenye hadubini ya elektroni. Walioandika ripoti ni Epstein, Bert Achong aliyetoka Trinidad, na Yvonne Barr. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr.

Kirusi hiki kimewaingia karibu watu wazima wote duniani, takriban 95 kati ya 100. Kikishaingia hakitoki. Na mahali kinapojificha, kwa maisha yote ya mtu, ni ndani ya seli B.

Ugumu wa kukihusisha na MS ulikuwa dhahiri: utathibitishaje kosa la mtu anayeishi katika kila nyumba? Ascherio na wenzake walipata njia katika jeshi la Marekani, ambalo huwapima wanajeshi damu mara kwa mara kwa ajili ya VVU na kuzihifadhi sampuli. Walichambua kumbukumbu za zaidi ya vijana milioni 10 waliotumikia jeshi katika miaka 20. Kati yao 955 walipata MS, na 801 walikuwa na damu ya kutosha kuchunguzwa. Kati ya hao 801, ni mmoja tu ambaye sampuli yake ya mwisho kabla ya kuugua haikuonyesha kirusi. Kwa mtu ambaye hakuwa nacho kisha akakipata, hatari ya MS iliongezeka mara 32. Virusi vingine havikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Utafiti huo ulitoka Januari 2022 katika jarida la Science, na mwezi huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba baadhi ya kingamwili zinazolenga protini ya kirusi hiki huishambulia pia protini iliyopo ndani ya ubongo, kwa sababu zinafanana.

Msomaji atauliza: ikiwa karibu sote tunacho, na ikiwa watoto wa Afrika hukipata wakiwa wadogo sana, mbona MS ni nyingi Ulaya ya Kaskazini na chache huku? Kirusi peke yake hakitoshi. Umri wa kukipata una uzito wake. Katika nchi tajiri wengi huambukizwa wakiwa vijana, wakaugua homa ya tezi, na wanaougua hivyo wana hatari kubwa zaidi ya kupata MS baadaye. Jua na vitamini D vinatajwa, maana ugonjwa huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Halafu kuna urithi. Ushirika wa kimataifa wa jenetiki ya MS, ambao Hauser ni mmoja wa waasisi wake, uliwachunguza wagonjwa 47,429 na watu wazima wa afya 68,374, na mwaka 2019 ukatangaza sehemu 233 za jeni zinazochangia hatari, nyingi zikihusu seli za kinga. Hakuna hata moja inayotosha peke yake kumfanya mtu augue.

Na ipo sababu nyingine ya uchache huu, isiyo ya kibiolojia: ugonjwa usiopimwa hauhesabiwi. Pasipo mashine ya MRI na daktari wa mishipa ya fahamu, MS huandikwa kiharusi, malaria iliyopanda kichwani, au msongo wa mawazo. Au haiandikwi popote, na familia inatafuta mchawi.

Kazi haijaisha hata huko San Francisco. Tangu miaka ya 2004 na 2005 timu ya Hauser imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa 517. Habari njema ni kwamba, kwa wale wenye MS ya mashambulio, miaka takriban 17 tangu kuugua ni kama 11 tu kati ya 100 waliokuwa wamefikia hatua ya kuhitaji fimbo ili watembee. Zamani kiwango hicho kilikuwa kikubwa zaidi kwa mbali. Habari mbaya ni kwamba wengi waliendelea kupoteza nguvu taratibu hata pale ambapo mashambulio yalikoma na picha zilionekana safi. Upo moto ndani ya ubongo ambao kuziondoa seli B kwenye damu hakuuzimi. Nani atakayeuzima, bado anatafutwa.

Dawa ipo kwenye orodha

Okrelizumabu ilipoingia sokoni mwaka 2017 bei yake Marekani ilikuwa dola 65,000 kwa mwaka. Kwa bei hiyo hakuna bima ya afya ya Afrika Mashariki itakayoigusa kwa wagonjwa wengi. Lakini rituksimabu, ile ya kwanza, muda wa hataza yake umeshapita na inatengenezwa na viwanda kadhaa kwa bei nafuu zaidi. Sweden, nchi tajiri yenye wagonjwa wengi wa MS, imeitumia kwa wagonjwa wake kwa miaka mingi. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2022, la wagonjwa 195, liliilinganisha na dawa ya vidonge ya MS. Waliopata shambulio kwa upande wa rituksimabu walikuwa asilimia 3, na upande wa pili asilimia 16. Kampuni haikuiombea idhini rasmi ya MS, kwa hiyo Wasweden walijifanyia utafiti wenyewe kwa manufaa ya wagonjwa wao. Naona huo ni uzalendo wa kweli wa kitabibu.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwa mara ya kwanza katika orodha yake ya dawa muhimu. Zilikuwa tatu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Rituksimabu ilikuwa tayari kwenye orodha hiyo tangu 2015 kwa ajili ya saratani, kwa hiyo si ngeni kwa madaktari wa saratani wa kanda yetu. Kinachotakiwa ni daktari wa mishipa ya fahamu, mfamasia na bima kukaa meza moja na kukubaliana kwamba dripu ileile inaweza kumzuia mama wa miaka 28 asiishie kwenye kiti cha magurudumu.

Dawa hii si ya kuchezea. Inapunguza uwezo wa mwili kupambana na maambukizi, na hupunguza nguvu ya chanjo, kwa hiyo chanjo hupangwa mapema kabla ya dripu. Kubwa zaidi kwetu ni homa ya ini aina ya B, iliyoenea katika kanda hii: inaweza kuamka vikali kwa mtu aliyeibeba bila kujua, hata ikamwua. Kila mgonjwa lazima apimwe kwanza. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na hakuna sababu ya kukiruka.

Kwa hiyo ninaziomba wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu: iwekeni rituksimabu katika orodha zenu za taifa kwa wagonjwa wa MS, na agizeni bima za umma ziilipie. Hospitali za rufaa zianze daftari la wagonjwa wa MS, hata kama mwaka wa kwanza litakuwa na majina machache, maana hakuna anayeweza kupanga bajeti ya watu ambao hawajaandikwa. Na wewe msomaji, ukipata giza au ukungu wa ghafla katika jicho moja, ganzi inayopanda mwilini, au udhaifu wa mguu unaokuja na kuondoka, usiridhike dalili zinapotulia. Nenda hospitali ya rufaa, eleza na yale ya nyuma yaliyopita, na uulize kwa jina: je, inaweza kuwa MS?